Supachaja kwenye Camaro ya 1969: 91 ya Marekani si 91 ya Maskati

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya zamani ya Kimarekani yanayofufuliwa na Waswahili wa Ghuba tumeisoma gereji nzima, na picha zake ni za kubandika ukutani. Ila mle ndani kuna mstari unaoweza kumuulia mtu injini. Mmeandika kwamba mwenye Chevrolet Camaro ya 1969 akishafunga supachaja, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, "aweke petroli ya 91, inatosha", na kwamba kazi yenyewe ni ya Alhamisi jioni hadi Jumamosi. La siku tutalirudia. La petroli halisubiri.

Hiyo 91 imetoka kwenye kijitabu cha maelekezo cha Kimarekani. Kule pampu huandikwa wastani wa vipimo viwili vya oktani (uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujilipukia), RON na MON. Oman, Imarati na kwetu Afrika Mashariki hutajwa RON peke yake, ambayo ndiyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa hiyo petroli ile ile inayosomeka 91 Chicago, huku husomeka 95 au 96, na 93 yao ni 98 yetu. Ile 91 ya pampu za Oman, ukiivusha bahari, ni kama 87 yao, yaani petroli ya kawaida ya gari la kwendea sokoni. Imarati mtu ana nafuu kwa sababu kuna 91, 95 na 98. Hapa Oman vituo vingi vina 91 na 95 tu, na hesabu yote ya supachaja lazima ianzie hapo kwenye pampu, kabla hujaagiza hata bolti.

Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana na kupata joto haingoji moto wa plagi uifikie. Ile iliyobaki pembeni mwa silinda hujilipukia yenyewe kwa mkupuo mmoja. Fundi wa Dar akisema injini imenoki, mara nyingi anamaanisha beringi za konrodi zimeshakufa. Hapa tunazungumzia jambo linalotangulia: mlio kama changarawe ndani ya kopo, ukikanyaga mafuta huku gari liko gia ya juu. Injini ya kawaida huweza kuuvumilia miezi. Yenye supachaja, sekunde chache zinatosha kuvunja ule ukingo wa pistoni ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na kwa kuwa supachaja ina mvumo wake, mlio wenyewe huusikii mpaka moshi wa buluu utoke nyuma.

Jambo la pili ni joto. Supachaja inayofungwa sana kwenye Camaro ni ya aina ya Roots, ile inayokaa katikati ya V ya safu mbili za silinda, rota mbili ndani na kabureta juu yake. Ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliisajili 1860 kama mashine ya kusukuma hewa, ikatumika kwenye matanuru ya chuma. Haibani hewa ndani yake. Inaisukuma tu, na hewa hubanika ikifika kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa kwa silinda, ndiyo maana inaichemsha kuliko aina nyingine. Ukiingiza hewa ya nyuzi 20 na ukapata paundi 6 za presha kwa inchi ya mraba, hewa hutoka na nyuzi kama 80. Ukiingiza hewa ya Maskati ya Juni, nyuzi 45, hutoka na 110. Petroli inayopita humo huipoza kiasi, lakini ile tofauti ya nyuzi 30 inabaki pale pale. Hewa ya nyuzi 45 pia ni nyepesi kwa asilimia 8 kuliko ya nyuzi 20, kwa hiyo unapata hatari zaidi na nguvu pungufu kwa pamoja. Kijitabu kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuegesha gari Ruwi saa nane mchana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawanya presha ya supachaja kwa 14.7, ambayo ni presha ya hewa ya kawaida, jumlisha moja, kisha zidisha kwa mbano wa injini (mara ngapi pistoni inaubana ujazo wa silinda). Camaro ya 1969 yenye injini ya 350, yaani inchi za ujazo 350, ya nguvu za farasi 300 ilitoka kiwandani na mbano wa 10.25. Tia paundi 6: 10.25 mara 1.41, unapata 14.4. Hiyo haiendeshwi kwa petroli ya pampu yoyote, si Maskati wala Chicago. Injini ya 350 ya farasi 255, yenye mbano wa 9.0, kwa paundi 5 inafika 12.1. Mafundi wengi wa Kimarekani huweka mpaka wao kwenye 12 kwa petroli yao ya 93. Kwa 95 ya hapa na kiangazi chetu, ushauri wetu ni usivuke 11.5, maana yake mbano wa 8.5 na paundi 5. Mwenye 10.25 lazima kwanza abadilishe pistoni aweke zenye bakuli juu, au silinda hedi zenye chumba kikubwa zaidi. Asiyetaka kufungua injini aachane na supachaja.

Presha huamuliwa na puli. Supachaja ndogo ya Weiand, ile ya 142, husukuma inchi za ujazo 142 kwa mzunguko mmoja, sawa na lita 2.33. Injini ya 350 huvuta nusu ya lita zake 5.7 kwa mzunguko mmoja wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), yaani 2.87. Puli ya krenki ikiwa na kipenyo mara mbili ya puli ya supachaja, supachaja hutoa lita 4.65 pale injini inapotaka 2.87, sawa na mara 1.62. Uwiano ukishuka hadi 1.8, inakuwa mara 1.46. Hizo ni hesabu za karatasi, kwa kuwa hewa nyingine huvuja kati ya rota na nyumba yake, na anayesema ukweli ni geji kwenye manifoldi. Kumbuka tu kwamba puli kubwa zaidi juu ya supachaja hupunguza presha. Agiza mbili tangu mwanzo, ile iliyokuja na seti na nyingine iliyoizidi kipenyo. Ukigundua Julai kwamba presha imezidi, hutaki kungoja kipande cha alumini kivuke Atlantiki.

Sasa, seti ipi? Hapa ndipo walio mbali na Marekani wanapoumia, kwa sababu huagiza kwa kutaja mwaka wa gari. Camaro ya 1969 iliyofika Ghuba baada ya kupita mikono sita, injini yake huenda si ya 1969. Angalia namba zilizomwagwa kwenye chuma nyuma ya bloku, upande wa dereva, pale inaposhikana na gia boksi. 3970010 ni bloku ya 350 ya kawaida ya miaka ile. Kisha tazama bolti za manifoldi. Silinda hedi za hadi 1986 zina bolti zote katika pembe moja. Kuanzia 1987 zile nne za katikati zimebadilishwa mlalo, na manifoldi ya zamani haikai. Hedi za Vortec za 1996 ni habari nyingine kabisa, bolti nane zimesimama wima. Halafu pampu ya maji. Chevrolet walitumia fupi, kama sentimita 14, na ndefu, kama 17 na nusu, na Camaro walibadilisha kati ya 1968 na 1969. Vishikio na puli za seti hufuata urefu huo. Ukikosea, mkanda unakaa upande kwa vidole viwili, na hakuna spesa ya kuuokoa.

Urefu wa boneti nao upimwe kabla ya kulipa. Bandika donge la udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha filta ya sasa, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Huo ndio upenyo ulio nao. Linganisha na kimo cha seti mpya, kutoka uso wa hedi hadi juu ya filta.

Injini ipimwe afya yake ingali nzima. Toa plagi zote nane, kabureta wazi kabisa, pima presha ya kila silinda. Ya chini kabisa isiwe pungufu ya asilimia 75 ya ile ya juu. Injini inayokula oili usiitie supachaja, maana oili ikiingia chumbani hushusha oktani ya mchanganyiko na kukurudisha kule kwenye kujilipukia. Kama pistoni zinatoka, ringi ya juu iachiwe mwanya wa milimita 0.6 badala ya 0.4. Kwa joto la supachaja ringi hurefuka, ncha zake zikigusana huvunja pistoni, na fundi husingizia petroli. Hedi za kabla ya miaka ya 70 ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo hata Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha kuiuza 2021. Viti vya valvu za ekzosi vibadilishwe viwekwe vigumu, la sivyo vitaliwa na tapeti zitakaza kila baada ya miezi michache.

Turudi kwenye kufunga. Kufungua na kurudisha vitu huchukua siku mbili, hapo hatubishani. Safisha nyuso za hedi hadi ukipitisha kucha isikwame popote, ukiwa umeziba bonde la injini kwa matambara, kwa sababu vipande vya gasketi ya zamani vikidondoka humo vinashuka hadi kwenye beringi. Zile gasketi mbili za mpira za mbele na nyuma zinazokuja kwenye pakiti, zitupe. Pitisha uzi wa silikoni wa unene wa milimita 6 hadi 8, ukipandisha sentimita moja juu ya kila pembe, kisha teremsha manifoldi wima bila kuiburuza. Kaza bolti kutoka katikati kwenda nje kwa mizunguko mitatu hadi Nm 40. Tundu za bolti zinazotokeza ndani ya bonde zinataka silikoni kwenye nyuzi, vinginevyo oili itapanda nazo. Ukikuta oili imegeuka chai ya maziwa baada ya kuwasha, ujue maji yamepita kwenye kona ya gasketi. Usiendeshe hata kwenda msikitini.

Kabureta ndiyo inayoharibu kazi za mafundi wazuri. Kabureta ya Holley ina valvu ya nguvu, inayofunguka vakyumu ikishuka ili kuongeza petroli. Kwenye gari la kawaida kabureta na manifoldi huona vakyumu moja. Kabureta ikikaa juu ya supachaja, chini yake bado kuna vakyumu kwa kuwa rota zinavuta, wakati manifoldi tayari ina presha. Valvu inadanganyika, inabaki imefungwa, na injini inakosa petroli wakati ule ule inapoihitaji kuliko wakati wote. Dawa ni kabureta iliyotengenezwa kwa supachaja, ambayo valvu hiyo inasoma presha ya manifoldi kwa bomba jembamba kutoka chini ya rota. Kwa 350 na Weiand 142, kabureta moja ya cfm 600 hadi 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) inatosha.

Petroli nayo ifike. Injini ya farasi 400 yenye supachaja hunywa, ikikanyagwa hadi mwisho, kama lita 150 kwa saa. Pampu ya zamani iliyoshikwa kwenye injini haitoi hizo, tena inavuta kutoka mbali kupitia bomba lililokaa juu ya lami ya moto, na petroli inayovutwa huchemka upesi kuliko inayosukumwa. Funga pampu ya umeme nyuma karibu na tangi, bomba la inchi 3/8, regyuleta ya paundi 6 hadi 7 yenye bomba la kurudisha tangini. Petroli inayozunguka haikai kuchemka karibu na ekzosi. Iwekewe na swichi inayokata umeme presha ya oili ikipotea, ili ajali isigeuke moto. Altaneta ya msingi ya 1969 ilikuwa ya ampia 37. Pampu, feni za umeme na kiyoyozi haiviwezi vyote pamoja.

Sasa taimingi, yaani plagi inawasha digrii ngapi za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Mbele ya krenki kuna gurudumu la kutuliza mtikisiko, limeundwa kwa chuma mbili zilizogandishwa na utepe wa mpira. Alama ya taimingi iko kwenye chuma cha nje. Mpira wa miaka zaidi ya 50 huteleza, chuma cha nje kikazunguka kidogo, na tangu siku hiyo alama inasema uongo. Fundi anaweka digrii 30 kwa taa, injini inapata 38. Usiiamini kabla ya kuipima. Toa plagi ya silinda ya kwanza, kaza kizuizi cha pistoni kwenye tundu lake, zungusha krenki kwa mkono hadi pistoni iguse, weka alama ya chokaa. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, weka ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni iko juu kabisa. Kama sifuri ya gurudumu haipo hapo, nunua gurudumu jipya, usichore alama mpya, kwa sababu mpira uliokwishateleza utateleza tena, hasa ukivutwa na mkanda wa supachaja.

Jumla ya taimingi iwe digrii 28 hadi 32, si zile 36 ambazo 350 ya kawaida huzipenda. Tumia kisanduku cha kuwashia kinachorudisha taimingi nyuma kadiri presha inavyopanda. Anza na digrii moja kwa kila paundi. Plagi ziwe baridi kwa daraja moja au mbili, mwanya milimita 0.7. Waya za plagi namba 5 na 7 usizilaze pamoja. Mpangilio wa kuwaka wa Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2, hivyo 5 na 7 ni majirani na zinafuatana. Waya zikilala sambamba umeme wa moja huamsha nyingine kabla ya wakati wake. Kwenye gari la kawaida linamisi kidogo. Kwenye Roots moto unaweza kurudi hadi kwenye manifoldi iliyojaa mchanganyiko wa petroli na hewa, ukapasua sili au kupinda rota.

Vumbi letu linataka filta iliyozibwa vizuri chini na juu. Zile filta fupi za kung'aa za kwenye picha zenu zinapendeza, lakini chembe ya mchanga wa Batinah ikipita kati ya rota na nyumba ya alumini inachora mfereji, na presha iliyopotea hapo hairudi kwa puli yoyote.

Wiki za kwanza usikanyage hadi mwisho. Pachika kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi: presha ikiwepo, hewa kwa petroli iwe kati ya 11.5 na 12 kwa moja. Kisha toa plagi uzitazame kwa kioo cha kukuzia, kwenye ile kauri nyeupe. Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo ni salama. Ukiona nukta nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, injini imeshaanza kujilipukia. Ukiona chembe zinazong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni zako. Zima hapo hapo, rudisha taimingi, badilisha puli, na upime presha ya silinda upya kabla ya kuendesha tena.

Kuhusu gharama, msomaji wa Maskati aongeze ushuru wa forodha wa asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, vyote vikihesabiwa pamoja na nauli. Kwa ndege, kasha hupimwa kwa ukubwa pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Kasha la 60 kwa 50 kwa 50 hutozwa kama kilo 30 hata likiwa na kilo 20. Kwa hiyo vitu vidogo vitiwe kwenye safari ile ile: mikanda miwili, seti mbili za gasketi, jeti za kabureta namba nne juu na nne chini ya zilizofungwa, plagi za madaraja mawili, ile puli ya pili. Wapo watakaosema Sharjah kuna kila kitu, na wafanyabiashara wetu wa Dar na Mombasa wanaipakia kontena kila siku. Ni kweli kwa Toyota. Gasketi ya Weiand huipati.

Breki makala yenu haikuzigusa. Camaro nyingi za 1969 zilitoka na breki za ngoma magurudumu yote manne, diski za mbele zikiwa za kulipia zaidi. Gari la namna hiyo lisiongezwe hata farasi mmoja kabla ya kupata diski mbele. Na kabla ya yote mwenye gari aulize polisi wa usalama barabarani kama mabadiliko hayo yataandikwa kwenye mulkiya (kadi ya usajili wa gari), kwa sababu supachaja inayochungulia juu ya boneti haifichiki siku ya ukaguzi.

Tunaomba basi ile 91 isahihishwe kwenye ukurasa ule ule: 95 kwa mbano wa 8.5 na paundi 5, na 98 kwa aliye karibu na mpaka wa Imarati. Baada ya kilomita 800 bolti za manifoldi zikazwe tena injini ikiwa baridi, mkanda utazamwe kama una nyufa, na oili imwagwe hata kama bado ni safi.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa injini za V8,
Maskati, Oman